Klaudi ni Stoo ya Wenyewe: Historia Fupi Kabla Hujachagua

Leo nina story ya mahindi na kompyuta. Kabla hujaniambia hivyo ni vitu viwili tofauti, nipe dakika kumi tu.

Senje yangu hununua mahindi. Ana stoo ya mabati nje kidogo ya mji wa Kitale, na mavuno yakifika watu humletea magunia. Wengine huuza siku hiyo hiyo. Wengine humwachia tu awawekee mpaka bei ipande. Hesabu yote hiyo alikuwa anaandika kwa kaunta buku. Ukimuuliza gunia la fulani liliingia lini, anafungua ukurasa, anakuonyesha tarehe na sahihi.

Mimi nasomea Bungoma. Mwaka wa tatu tuliambiwa tutengeneze mradi wa kusaidia jamii, watu wanne kwa kikundi. Nikasema, jamii gani nyingine natafuta na Senje yuko? Tukamtengenezea programu ya simu. Gunia likiingia, anabonyeza. Likitoka, anabonyeza. Tuliiweka kwenye jukwaa moja la klaudi, mpango wa bure. Kwa nini jukwaa hilo na si lingine? Ukweli usemwe, kuna kijana wa YouTube alilitumia kwa somo lake, na halikuitisha kadi ya benki. Huo ndio utafiti wote tuliofanya.

Siku ya kuwasilisha, kila kitu kilifanya kazi. Mhadhiri akafurahi, tukapata alama safi. Senje naye akaendelea kuitumia. Sisi wenyewe tulimwambia aachane na kaunta buku, eti mambo ya zamani.

Baada ya wiki saba akanipigia. "Kijana wangu, hii kitu yenu imekataa kufunguka."

Kumbe lile jukwaa lilikuwa limefuta mpango wa bure. Walituandikia barua pepe mara tatu, lakini zote zilienda kwa anwani ambayo mmoja wetu alifungua kwa sababu ya mradi tu, na hakuwahi kuifungua tena. Muda wa kuhamisha data ukapita. Databesi ikafutwa. Senje ilibidi apigie watu simu mmoja mmoja kuwauliza waliacha magunia mangapi. Wengi walisema ukweli. Mmoja akasema sita, na Senje anakumbuka manne. Hana ukurasa, hana sahihi, hana chochote. Alilipa sita.

Hakuna mtu alikuja kutupunguzia alama. Yeye ndiye alilipa magunia mawili ambayo hakuwahi kuyaona.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya hii kitu inaitwa klaudi, kwa sababu nilitaka kujua kama tulikuwa wajinga au tulikuwa na bahati mbaya. Jibu ni kwamba mambo haya yameshatokea mara nyingi, na mengi yanafanana na mambo ambayo watu wa huku kwetu wanayajua toka zamani. Twende polepole.

1964: mbegu na mashine

Kitale ni mji wa mbegu, hilo hata mtoto anajua. Kenya Seed ilianzishwa hapa mwaka 1956, na utafiti wa mahindi ulikuwa umeanza mwaka mmoja kabla. Watafiti walichanganya mahindi ya Kitale na aina moja iliyotoka Ecuador, Amerika Kusini, na mwaka 1964 wakatoa mbegu ya mseto inayoitwa H611. Mavuno yakaongezeka, na wakulima wadogo wakaichukua haraka, Trans Nzoia na kwingine.

Lakini mbegu ya mseto ina sharti lake. Ukivuna na kuchagua mahindi mazuri ukayaweka juu ya jiko kama mbegu ya msimu ujao, vile nyanya zetu walizoea, mavuno yanashuka. Kila mwaka lazima urudi dukani. Watu walipiga hesabu, wakaona faida inashinda gharama, wakakubali. Hawakudanganywa na mtu. Walijua wanapata nini na wanaachilia nini.

Mwaka huo huo wa 1964, mbali sana na Kitale, chuo kimoja cha Marekani kinachoitwa Dartmouth kilikuwa na shida ambayo wewe unaijua: wanafunzi wengi, kompyuta chache. Enzi hizo ulikuwa unatoboa kadi, unampelekea mtu wa mashine, halafu unangoja. Ukikosea nukta moja, unarudi foleni. Walimu wawili wa hesabu, John Kemeny na Thomas Kurtz, pamoja na wanafunzi wao, wakatengeneza mfumo wa kugawana muda. Kompyuta moja kubwa ilikaa chumba kimoja, na mashine za kuchapa zikaunganishwa nayo kwa waya kutoka sehemu nyingine za chuo. Kompyuta ilikuwa inamhudumia huyu kidogo na yule kidogo, haraka sana, mpaka kila mmoja anahisi ni yake peke yake. Alfajiri ya Mei 1, 1964, mfumo ukafanya kazi, pamoja na lugha mpya ya programu waliyoiita BASIC.

Hiyo ndiyo klaudi, msee, kabla ya kuitwa klaudi. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1961, mwanasayansi John McCarthy alikuwa ameshasema kwamba siku moja huduma ya kompyuta inaweza kuuzwa kwa watu wote kama vile simu. Na waliofaidi mapema kabisa walikuwa wanafunzi, hata wale waliosomea historia na lugha. Kemeny alitaka kompyuta iwe kama maktaba, unaingia na kutumia bila kuomba ruhusa.

Ila angalia kitu kimoja. Pale Dartmouth mashine ilikuwa ya chuo chenyewe. Ilikuwa bure kwa mwanafunzi kwa sababu aliyelipa ni chuo kilekile kinachomfundisha. Klaudi ya bure tunayopewa leo hailipwi hivyo, na tutarudi hapo.

2006: poshomili kutoka Cape Town

Kukhu yangu hakuwahi kumiliki poshomili. Alikuwa anabeba mahindi kwa gorogoro, anafika, yanapimwa, analipa kiasi alichosaga, anaenda nyumbani. Mwenye mashine ndiye anasumbuka na dizeli, mkanda ukikatika na fundi akikawia. Akina mama hawakuona aibu kutomiliki mashine, na hakuna aliyetamani kurudi kwa jiwe la kusagia.

Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilifungua poshomili ya kompyuta. Mwezi wa Machi ilianza kukodisha nafasi ya kuweka faili, huduma inayoitwa S3. Mwezi wa Agosti ikaanza kukodisha seva zenyewe, huduma inayoitwa EC2, kwa senti 10 za dola kwa saa. Unapima gorogoro yako, unalipa, unaondoka. Kabla ya hapo, kijana mwenye wazo alihitaji kununua seva au kulipia mkataba wa miezi.

Sasa sikia hii. EC2 ilitengenezwa Afrika. Mhandisi Chris Pinkham, mtu wa Afrika Kusini, alikuwa anafanyia Amazon kazi Marekani na akataka kurudi nyumbani. Kampuni ikamkubalia afungue ofisi Cape Town mwishoni mwa 2004, na pale, yeye, Willem van Biljon na timu ndogo wakaijenga hiyo huduma. Karibu kila seva inayokodishwa duniani leo inafuata mtindo ulioanzia Cape Town.

Lakini mashine zenyewe hazikuwekwa Cape Town. Amazon ilifungua vituo vyake vya data huko Aprili 2020, karibu miaka 14 baadaye. Microsoft ilikuwa imetangulia kufungua Afrika Kusini mwaka 2019, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Hapa Kenya, mwezi Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa kujenga kituo Olkaria kitakachotumia umeme wa mvuke. Ni habari nzuri, lakini tangazo si seva. Usichague jukwaa kwa sababu ya mkutano na waandishi wa habari.

Na kabla hujasema klaudi ni kitu kigeni, kumbuka M-Pesa. Ilianza Machi 2007, na kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani. Zililetwa Kenya mwaka 2015. Maanake mwaka 2012, mzazi wako akiwa Kitale akikutumia pesa ya matumizi Bungoma, hesabu ilizunguka hadi Ulaya ikarudi ndipo ukasikia simu ikilia. Tulikuwa tunatumia kompyuta za mbali wote, hadi wauza mboga wa Chwele.

2009: mwaka wa kufungua na kufunga

Kama kuna mwaka mmoja ningependa ufundishwe shuleni kwa hii mada, ni 2009.

Kabla ya mwaka huo intaneti yetu ilipitia setilaiti. Ilikuwa polepole na ghali. Binamu yangu mkubwa anasimulia vile alikuwa anaenda saiba Kitale akiwa ameandika kwa karatasi kila kitu anachotaka kutafuta, kwa sababu dakika ni pesa. Mwezi Juni 2009 kebo ya chini ya bahari ya TEAMS ilifika Mombasa. Mwezi Julai SEACOM ikawashwa. Mwaka uliofuata ikaja EASSy. Serikali nayo ilikuwa inatandaza mkongo wa taifa, NOFBI, kuelekea miji ya bara. Bila hizo nyaya, klaudi kwa mwanafunzi wa Bungoma ingebaki kitu cha kusoma kwa vitabu.

Lakini mwaka huo huo, Januari, kiwanda cha karatasi cha Webuye, Pan Paper, kilifungwa. Kilikuwa kimeanza kutoa karatasi miaka ya sabini, na mji wote ulikuwa umejengwa ukikizunguka. Nyumba za kukodi, maduka, wauza miti, mama wa chakula pale getini, kila mtu alikuwa ameegemea mlango mmoja. Ulipofungwa, mji ukasinyaa. Baadaye, 2016, kilipata mwenyewe mpya. Ila waulize wazee wa Webuye hiyo miaka ya katikati ilikuwaje.

Na mwezi Oktoba 2009, huko kwa mtandao, Yahoo ilifunga GeoCities. Hiyo ilikuwa huduma ya miaka ya tisini ambapo mtu yeyote angeweza kujitengenezea ukurasa wake bure. Mamilioni ya kurasa ziliondolewa. Watu wa kujitolea walikimbia wakaokoa sehemu yake, kama watu wanaotoa vitu kwa nyumba inayoungua.

Kwa hivyo kizazi chetu kilipata mlango wa klaudi mwaka uleule ambao Webuye ilijifunza maana ya kutegemea mlango mmoja. Hatukuunganisha haya mawili kichwani, kwa sababu hakuna aliyetuambia yanahusiana.

Bure na mwisho wake

Baada ya hapo orodha ni ndefu. Kulikuwa na Parse, jukwaa ambalo watengenezaji wa programu za simu walilipenda sana. Facebook ililinunua mwaka 2013. Januari 2016 ikatangaza kulifunga, na Januari 2017 likazimwa. Lakini angalau walifanya kiungwana, walitoa mwaka mzima, wakaachilia msimbo wa seva hadharani ili mtu aiendeshe mwenyewe mahali pengine. Waliosoma barua walihama salama.

Halafu Heroku. Huyu alikuwa mwalimu wa nusu ya dunia. Ilianza 2007, na kwa zaidi ya muongo mmoja, somo la kwanza la kuweka programu hewani lilikuwa Heroku, mpango wa bure. Agosti 2022 wakatangaza kwamba bure inaisha, na Novemba 28, 2022, ikaisha kweli. Miradi ya wanafunzi na masomo yaliyoandikwa miaka mingi yakawa na viungo visivyofunguka. Julai 2025, Glitch nayo, iliyopendwa na wanaoanza, ikaacha kuhifadhi programu za watu.

Sisemi hizi kampuni ni mbaya. Seva inakula stima, inahitaji kiyoyozi, inahitaji mtu wa kuamka usiku. Mpango wa bure ni kama muuzaji wa mbegu anayekupa pakiti ndogo ujaribu. Ana sababu zake, na siku sababu zikibadilika, pakiti inaisha. Kosa letu na Senje lilikuwa kuchukua pakiti ya kujaribu tukaiita shamba.

Kuna mtu atasema, basi tuweke kila kitu kwa laptopu zetu na tuachane na hao watu. Nimewahi kufikiria hivyo pia. Halafu nikakumbuka Agosti 25, 2023, stima ilipozima karibu nchi nzima, na laptopu yangu ilikuwa na betri ya dakika ishirini. Laptopu inaibiwa kwa matatu, inamwagikiwa na chai. Kwa upande mwingine, Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kule upande wa Afrika Kusini, na intaneti hapa ikawa ya kuvumilia. Wasee waliokuwa na mradi kwa klaudi pekee walikaa wakiangalia duara linazunguka. Stoo ya nyumbani ina panya, na stoo ya wenyewe ina mwenyewe.

Maswali ya Senje

Nilimuuliza Senje, mtu akija akwambie nitakuwekea magunia yako, utamuuliza nini? Hakufikiria hata sekunde. Alinipa maswali matano, nami nimeyageuza kidogo tu kwa ajili ya klaudi.

La kwanza: stoo ni ya nani, na yeye anapata nini? Kama jibu ni "bure tu", endelea kuuliza. GitHub Pages, iliyoanza 2008, ni bure kwa ukurasa wa kawaida, na imekaa miaka mingi. Kwa tovuti ya kujitambulisha au ya kikundi cha chama, inakutosha kabisa, usijisumbue na seva. Google Colab, iliyofunguliwa kwa umma 2017, inakupa kompyuta yenye nguvu ya kujifunzia data na akili unde, lakini ukiondoka, faili ulizoacha ndani yake zinafutwa. Hiyo ni poshomili. Usiache gunia huko.

La pili: nalipa vipi, na kwa pesa gani? Hapa ndipo wengi wetu tunaumia, kwa sababu bei ni ya dola na sisi tunaishi kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Baadaye mwaka huo ikashuka hadi karibu 129. Seva ileile, bei tofauti, na wewe hujaongeza chochote. Azure ya wanafunzi inatoa salio la dola 100 kwa mwaka bila kuitisha kadi, mradi uthibitishe wewe ni mwanafunzi, kwa kawaida kwa barua pepe ya chuo. Salio likiisha, huduma inasimama, hupati deni. Kwa mtu anayejifunza, hilo lina maana sana. Google Cloud inatoa dola 300 za kutumia kwa siku 90, lakini inataka kadi. Amazon pia inataka kadi, na kuanzia Julai 2025 akaunti mpya zinapata salio linaloweza kufika dola 200 na mpango wa bure wa miezi sita. Oracle tangu 2019 ina seva ndogo za bure zisizo na tarehe ya mwisho, nayo inaitisha kadi. Rafiki yangu mmoja wa Kitale aliwasha seva ya majaribio kwa jukwaa fulani akasahau kuizima. Alidaiwa dola 43. Alikuwa ametumia kadi ya mamake. Hiyo mazungumzo ya jioni sitaki hata kuisimulia. Ukiwasha kitu, weka onyo la bajeti siku hiyo hiyo.

La tatu: nikitaka gunia langu leo, nalipata? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Mwaka 2019 Kenya ilipitisha sheria ya stakabadhi za ghala. Mkulima akipeleka mahindi kwa ghala lililoidhinishwa, anapewa hati inayosema uzito na daraja, na kwa hiyo hati anaweza kuyachukua, kuyauza au kuombea mkopo. Mali inakaa kwa mtu mwingine na umiliki unabaki kwako. Ulizia jukwaa lako hivyo hivyo. Data yangu inaweza kutoka kwa faili la kawaida ambalo programu nyingine itasoma? Ukitumia databesi kama PostgreSQL, jibu ni ndiyo karibu kila mahali. Ukitumia kitu ambacho kipo kwa kampuni moja tu, unaweza kwenda kasi sana mwanzoni, halafu kuhama kunakuwa kuandika upya. Hiyo ni mbegu ya mseto. Inunue ukijua.

La nne: nani ana kifunguo? Akaunti ya mradi isiwe ya mtu mmoja na barua pepe isiyofunguliwa. Watu wawili wawe na uwezo wa kuingia, na anwani iwe ile unayoisoma kila siku. Sisi tulipoteza magunia mawili ya Senje kwa sababu ya hili peke yake. Onyo lilikuja. Hakuna aliyekuwa mlangoni.

La tano: stoo ikiungua? Nakala moja kwa klaudi, nyingine kwa flashi au laptopu, kila wiki bila kungoja mtu akukumbushe. Na siku ya kuwasilisha mradi, hakikisha unaweza kuuendesha kwa laptopu yako bila intaneti. Mhadhiri hatakuongezea alama kwa sababu kebo imekatika baharini.

Na kuna jambo moja ambalo Senje hakuuliza ila sheria inauliza. Mwaka huohuo wa 2019 tulipata Sheria ya Ulinzi wa Data. Majina, namba za simu na madeni ya watu ni vyao, na kuvipeleka nje ya nchi kuna masharti. Ukiwa unajifunza, tumia majina ya uongo. Ukianza kutumia ya kweli, umeshaingia kwa kazi ya watu wazima.

Jifunze kulima, usijifunze duka

Wengi mnaniuliza, "Sasa nisome Amazon, Azure au Google?" Naona ni kama kuuliza usome duka gani la mbegu. Linux ilianza 1991. Git ilianza 2005. SQL ni ya miaka ya sabini. Docker ilikuja 2013. Vitu hivi vinne vinafanya kazi kwa hayo majukwaa yote matatu, na vitafanya kazi kwa lile litakalofunguliwa Olkaria, likifunguliwa. Yote unaweza kuyajaribu kwa kompyuta kuukuu ya maabara, bila dola hata moja. Ukishayashika, kujifunza jukwaa lolote ni suala la wiki chache.

Ningependa pia vyuo vyetu vikumbuke Dartmouth. Tuna mtandao wa vyuo vya Kenya, KENET, ulioanzishwa 1999, na huduma zake ni pamoja na seva za mbali kwa vyuo wanachama. Kibabii iko hapa Bungoma na Kitale National Polytechnic iko pale juu. Uliza idara yako kama mwanafunzi anaweza kupata nafasi kwa seva ya chuo. Pengine utaambiwa hapana, au utaambiwa hakuna aliyewahi kuuliza. Lakini seva ya taasisi inayokufundisha ina sababu ya kukujali ambayo kampuni ya mbali haina, na maombi ya wanafunzi arobaini yanasomwa tofauti na ya mmoja.

Kuhusu Senje, tulirudi. Ilichukua muda akubali, na sikumlaumu. Tulimjengea upya kwa databesi ya kawaida. Kila jioni saa kumi na mbili programu inamtumia faili la hesabu ya siku hiyo kwa simu yake, na nakala nyingine inaenda kwa laptopu yangu. Yale magunia mawili tulichanga sisi wanne tukamrudishia, kwa M-Pesa, na alicheka akasema sasa ndio tumemaliza shule.

Kaunta buku bado anaandika. Nilipomuuliza kama haituamini, alisema anatuamini, ila mwenye gunia akija na stima imepotea, lazima kuwe na mahali pa kuweka kidole.